Kaimu Nyuki

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya darasani kwetu, ile iliyoliwa na mchwa upande wa kusini, sikuiona. Kwa hiyo msomaji akihisi anamfahamu waziri wa humu, au akikumbuka amewahi kuunguzwa na jua kwenye sherehe kama ya humu, hayo ni yake na kumbukumbu zake. Mimi nimeishia darasa la saba. Naandika nilichokiona.

Sisi Wasorei tuligunduliwa na serikali mwaka wa uchaguzi. Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi tu katika msitu wa Tindeka, tunachonga mizinga, tunarina asali, tunaoana na kugombana, bila kujua kwamba hatujagunduliwa. Basi siku moja helikopta ikatua kwenye viazi vya bibi yangu Merukai. Akashuka mheshimiwa mwenye suti ya bluu, akatutazama, machozi yakamlengalenga.

"Hawa," akawaambia waandishi wa habari, "ndio watu wa asili wa nchi hii! Walikuwa wapi siku zote?"

"Tulikuwa hapa," bibi akasema. "Na hivyo unavyokanyaga ni viazi vyangu."

Redio ikatangaza kwamba bibi kizee mmoja alimkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu na kumwonyesha mazao.

Mheshimiwa huyo ni Dakta Polikapo Tundwe. Udaktari alipewa na chuo alichokizindua mwenyewe. Akafanywa Waziri wa Watu wa Asili, na wizara ikajengewa ghorofa tisa mjini kwa ajili yetu. Sisi wenyewe, tukijumlishwa na mbuzi, tusingejaza ghorofa mbili.

Kazi ya kwanza ya wizara ilikuwa kuulinda msitu wetu, na ili ulindwe ilibidi kwanza tutolewe sisi. Walitueleza kwa upole, kwa kipaza sauti. Tulipotoka tu, malori yakaanza kuingia. Yaliulinda msitu kwa kuuhamishia mjini kipande kipande, magogo yamefungwa minyororo, nadhani ili yasitoroke. Mume wangu alipata kibarua huko huko kwenye ulinzi, kazi ya kupakia. Pale njiapanda wakasimamisha kibao kikubwa: HIFADHI YA URITHI WA WATU WA ASILI. WATU WA ASILI HAWARUHUSIWI KUPITA.

Tukapewa Kijiji cha Mfano. Nyumba za bati, mstari mmoja, kando ya lami, ili mgeni wa taifa akipita na gari atuone sote bila kupunguza mwendo. Miti ilikatwa mapema maana ilikuwa inatuziba. Baadaye akaja mtaalamu kutoka wizarani kutufundisha ngoma yetu. Tulimwonyesha ile tunayoicheza, akasema hapana, hiyo si ya asili vya kutosha, hamruki. Tukajifunza kuruka. Bibi Merukai aliambiwa aruke pia, akamwuliza mtaalamu kama mama yake mzazi anaruka. Akasamehewa.

*

Huko ndiko nilikojifungua, mtoto wa kike.

Sasa hapa nieleze jambo, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu mtoto hapewi jina akizaliwa. Mjomba wake, yaani kaka wa mama, huchonga mzinga akautundika mtini, na watu wote husubiri. Nyuki wakiingia, mjomba huweka mdomo kwenye tundu akawaambia wao kwanza jina la mtoto, ndipo mama naye aambiwe. Wengine husubiri wiki, wengine msimu mzima wa maua. Mimi, wananiambia, nilisubirisha watu hadi nikaota meno. Na pale penye mzinga panakuwa pa mtoto. Hauondolewi hapo maadamu mwenyewe yu hai.

Lakini mtoto akiitwa jina kabla ya nyuki, basi. Nyuki hawaingii tena. Atakua, atakula, ataolewa, ila hana mahali. Tunamwita mtu wa kupita. Sijawahi kumwona mtu wa kupita kwa macho yangu, ila nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba ninamnyonyesha.

Maana tangu tuhamishwe hakuna mzinga uliotundikwa. Msitu umefungwa, kijijini hakuna mti. Watoto wakawa wanazaliwa na kujaa, na sisi tunawaita kwa kidole: huyu, yule, yule wa mama mwenye mwanya.

Aliyeligundua hilo ni Bwana Hezroni, afisa wetu wa kijiji. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vilivyochongoka mbele kama samaki, na alikuwa hachelewi kushika mtoto wa mtu akiombwa. Siku moja alinikuta nje nachambua mboga.

"Dada Sanyira, nimekuwa nikisikiliza tangu asubuhi. Hakuna mama hata mmoja hapa aliyemwita mwanawe."

"Tunawaita."

"Kwa kidole?"

"Wanakuja."

Akakuna kichwa. "Huyu wako keshaanza kukaa, na bado hana jina?"

"Anakaa vizuri tu bila jina. Mtazame."

Akamtazama. Mtoto akamtazama yeye, akamcheulia kwenye kiatu.

Nilimweleza yote, kuhusu mizinga na watu wa kupita. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa afisa ni la kusimuliwa. Kisha akafanya kama afisa: akapeleka taarifa mjini.

Huko mjini ilizuka taharuki. Watoto wasio na majina hawawezi kuingizwa kwenye mafanikio ya wizara! Bunge likakaa. Mbunge mmoja alisema huu ni mpango wa maadui, mwingine akasema ni uvivu. Mwishowe ikaamuliwa kwamba katika Sherehe za Siku ya Watu wa Asili, Mheshimiwa Waziri mwenyewe atawapa majina watoto wote kwa mpigo mmoja, na kwa kuwa hakuna anayependa kupendelea, majina yatatoka kwenye Mpango wa Maendeleo wa Taifa.

Mwanangu akapangiwa Mkakati. Mapacha wa jirani yangu Kirwani wakapangiwa Tathmini na Ufuatiliaji.

"Yupi ndiye Ufuatiliaji?" Kirwani akauliza.

"Aliyezaliwa nyuma," akajibu Hezroni, na niliona kwamba hakuwa na furaha.

*

Nikamwomba Hezroni jambo moja tu. Aturuhusu, mimi na kaka yangu Lotuma, tuingie msituni kabla ya sherehe, tutundike mzinga mmoja. Nyuki wakiingia, wamewahi. Wasipoingia, basi, nitalisikia hilo jina la Mkakati nikiwa nimejaribu.

Hezroni akapanda basi kwenda mjini kutuombea. Aliporudi alikuwa amevaa shati jipya la mistari, njano na nyeusi, na skafu ya namna hiyo hiyo. Akatuita mimi, Lotuma na bibi.

"Wizara imewaelewa," akaanza, anatazama chini. "Wizara inaziheshimu mila. Mila haina tatizo, nyuki hawana tatizo. Tatizo ni msitu. Kwa hiyo mila itafanyika, ila bila msitu."

"Wapi?" nikauliza.

"Mjini, uwanja wa wizara. Umejengwa mzinga wa taifa, wa saruji, una rangi za bendera. Mtu mzima anaingia amesimama."

Lotuma akacheka. "Nyuki gani ataingia kwenye saruji?"

"Hilo limefikiriwa. Kanuni zinasema nafasi ikiwa wazi na mwenye nafasi hapatikani, atateuliwa mtu wa kuikaimu." Akarekebisha skafu. "Nimeteuliwa mimi. Kaimu Nyuki."

Tukatazamana. Hata mbuzi wa bibi aliacha kutafuna.

"Unauma?" bibi akauliza.

"Kuuma hakumo kwenye majukumu yangu, bibi. Naingia, navuma, natoka."

"Na asali?"

"Asali iko chini ya wizara nyingine."

Bibi akamtazama shati kwa muda mrefu. "Mama yako anajua?"

"Bado sijamwambia," Hezroni akasema kwa sauti ndogo, na mimi nikamwonea huruma, ila si nyingi, maana mwanangu alikuwa amebakiza siku chache za kutokuwa Mkakati.

Alipotaka kuondoka akakumbuka ujumbe mwingine, huu wa Lotuma. Mheshimiwa Waziri hawezi kuhutubia watu wa asili kwenye mimbari ya kioo. Anataka mimbari ya asili, gogo la Tindeka, ichongwe na mkono wa Msorei, na iwe inang'aa.

*

Nimseme kidogo kaka yangu. Lotuma ana mikono ya kazi moja. Mpe gogo umwambie chochote, atachonga mzinga. Aliwahi kumchongea bibi kinu, nyuki wakaingia, tukala ugali wa kukopa. Mke wake wa kwanza alimwacha kwa sababu ya kitanda. Si kwamba anakusudia. Akishika tezo akaanza kuimba, mikono inakwenda njia yake, na akija kushtuka gogo liko tupu ndani na lina tundu mbele.

Lori likatushushia gogo. Lotuma akachonga. Nilipopita nikaona ameshalitoboa katikati.

"Lotuma, hiyo ni mimbari?"

"Ni mimbari."

"Mbona iko wazi ndani?"

Akasita, akatazama, kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Gogo zima lingelemea gari," akasema.

"Na tundu?"

"Sauti itatokea wapi?"

Sikubishana. Ilipofika kwenye kung'arisha, Lotuma rangi za dukani hazijui. Anajua king'arishi kimoja: nta ya kuita nyuki, imechemshwa na majani ya mnukato, inapakwa nje na ndani, hasa ndani. Ikang'aa kweli. Hezroni alipokuja kuichukua alijiona uso wake humo, akafurahi.

*

Siku ya sherehe tuliamshwa mapema tukavishwa. Nguo zetu, yaani magauni, kanga, na fulana za uchaguzi, hazikuwa za asili, kwa hiyo tukapewa vitambaa vyenye madoa ya chui vilivyotoka ng'ambo kwenye makontena. Bibi alipewa sketi ya katani. Alijikuna njia nzima hadi mjini.

Uwanja wa wizara ulikuwa mzuri, majani yamekatwa, maua yamepangwa. Mbele umesimama mzinga wa saruji. Jukwaani, mimbari ya Lotuma. Barabara ya nyuma ilikuwa imefungwa kwa usalama wa wageni, na malori ya magogo yaliyokuwa yakienda kiwandani yakabaki yamepanga foleni ukutani, juani. Nilimtambua mume wangu juu ya mojawapo. Nilipunga mkono, akanifanyia ishara ya "tulia" na kunionyesha gogo lililokuwa jirani yake. Kulikuwa na kitu cheusi kimening'inia, kama soksi kubwa. Sikuelewa.

Mheshimiwa Waziri akapanda.

"Ndugu Watu wa Asili!" akanguruma. "Kabla ya serikali hii, mlikuwa na asili isiyo na mpangilio! Mlikuwa wa asili kiholela, kila mtu na asili yake! Leo mna asili yenye lami! Asili yenye bati! Wapo wanaouliza, msitu uko wapi? Nawajibu: msitu uko kwenye milango, uko kwenye meza, uko kwenye mimbari hii! Msitu haujapotea, umepanda cheo!"

Kikosi cha makofi kilichokodiwa kikapiga makofi.

Akaendelea hivyo mpaka jua likatufika utosini. Mwanangu mgongoni alikuwa anatokwa jasho. Mwishowe akaashiria, na Kaimu Nyuki akatoka nyuma ya pazia, amefungwa mbawa za nailoni, akapita mbele yetu bila kututazama, akaingia ndani ya mzinga wa saruji. Tukasikia akianza kuvuma kwa kipaza sauti.

"Mila imetimia!" Waziri akatangaza. "Mtoto wa kwanza aletwe! Kwa mamlaka niliyopewa, kuanzia leo mtoto huyu ataitwa…"

Hapo akanyamaza. Alikuwa na desturi hiyo: kabla ya neno kubwa husubiri makofi. Wa kwanza alikuwa wangu, nami nilikuwa nimesimama mbele yake na mwanangu mikononi. Nilitamani kumziba mtoto masikio. Makofi yakapigwa, marefu, na yalipokuwa yanapigwa ile soksi nyeusi juu ya lori ikafumuka.

Sijui msomaji kama umewahi kuona kundi la nyuki lisilo na kwao. Haliji kwa hasira. Linakuja kama moshi unaojua unakokwenda. Lilipita juu ya kofia za mabalozi, likazunguka jukwaa mara moja, likanusa nta ya Lotuma, na likaanza kuingia tunduni, pale pale kwenye mkanda wa suruali ya Mheshimiwa.

Makofi yakafa. Wasorei wote tukakaa chini bila kuambiana, maana nyuki wanapoingia hakuna kukimbia wala kupiga kelele. Wageni, walipotuona tumekaa, wakadhani ni ratiba, wakakaa. Kikabaki kitu kimoja tu kinachosikika: Kaimu Nyuki ndani ya saruji, anavuma, hana habari.

Lotuma akapanda jukwaani taratibu.

"Mheshimiwa, usitikisike."

"Waondoe," Waziri akasema kwa pembe ya mdomo.

"Siwezi. Ndiyo kwanza wamefika."

"Nitakupa chochote."

"Sogeza mguu kidogo, wanapata shida kupita. Hapo hapo. Ahsante."

Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Nchi nzima ilimsikiliza Dakta Tundwe akiwa kimya kwa muda ambao haujawahi kutokea, na kesho yake gazeti liliandika kwamba ile ndiyo hotuba yake bora.

Nyuki wa mwisho alipoingia, Lotuma akageuka akanitazama. Nakwambia yeye mwenyewe alikuwa ameshangaa.

"Sanyira," akasema, "mzinga umepata nyuki. Mtoto hana jina. Tunasubiri nini?"

Nikapanda. Kaka yangu akapiga magoti mbele ya suruali ya Waziri, akaweka mdomo kwenye tundu, akasema jina. Bendi ilikuwa imeagizwa kwamba jina likishatolewa wapige wimbo wa taifa. Mkuu wa bendi akaona midomo imecheza, akainua fimbo. Wimbo ukapigwa. Askari waliokuwa wanakuja kutukamata ikabidi wasimame wima wakapiga saluti. Katika tarumbeta hizo Lotuma akanisogelea, akaniambia jina sikioni, mimi peke yangu.

Nililia. Taarifa ya habari ya jioni ilisema nililia kwa kuishukuru serikali.

*

Wakataka kuiondoa mimbari. Ikaundwa tume. Tume ikaona kwamba mimbari ni mali ya serikali, ila waliomo ndani yake ni wa asili ya Tindeka, na kwa sheria ya wizara yenyewe chochote cha asili hakihamishwi bila wahusika kushauriwa. Wakatuma watu wawashauri nyuki. Walirudi wamevimba.

Wakamwita Lotuma.

"Kwa mila zenu, palipo mzinga ni pa mtoto?" mwenyekiti wa tume akauliza.

"Ni pake."

"Kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Mpaka nyuki wake wanapofuata maua."

"Na huwa wanafika wapi?"

Lotuma akatazama nje dirishani, anapima. "Wakiwa na njaa? Pale Ikulu kuna maua mazuri."

Tume ikaomba mapumziko.

Watumishi wa wizara wakaanza kupita mlango wa nyuma, halafu madirishani. Mheshimiwa Waziri akahamishiwa Wizara ya Mambo ya Bahari, na nchi hiyo haina bahari, kwa hiyo anaendelea vizuri. Ule uwanja ukazungushiwa uzio na kutangazwa kivutio. Hezroni akavuliwa mbawa. Aliambiwa kukaimu kwake kumekoma kwa sababu wenye nafasi wameripoti kazini. Wakampa kofia na rungu wakamweka getini.

Nisidanganye kwamba tulishinda. Malori bado yanapita. Kila nikija mjini kuutazama mzinga wa mwanangu naona Tindeka ikienda kiwandani imefungwa minyororo, na kwenye magogo mara nyingine zinaning'inia zile soksi nyeusi, na hazina pa kushukia. Ndiyo maana nilirudi kijijini nikamwambia Kirwani, Kirwani akawaambia wengine. Lotuma na wajomba wengine hawakuhitaji kuagizwa.

Tulifika getini asubuhi, mama kwa mama, kila mmoja na mtoto mgongoni, na nyuma yetu wajomba wamebeba mizinga mabegani. Ndani ya uzio ilisimama mijakaranda ya wizara, miti mirefu, haina kazi.

Hezroni akatoka kwenye kibanda. Akatuona. Akaiona mizinga.

"Jamani," akasema. "Nimeshapoteza kazi moja kwa ajili yenu."

"Ile haikuwa kazi, mwanangu," bibi Merukai akamwambia. "Ile ilikuwa aibu."

"Maagizo ni kwamba anaingia mwenye mzinga tu. Yule wa mimbari. Hawa wengine siwafahamu."

"Ni wageni wa mwenye mzinga," nikasema. "Kwake hapa. Amewakaribisha."

"Amewakaribisha? Hajui hata kusema!"

"Kwani Waziri alikuwa anajua?"

Kirwani akaangua kicheko, na Hezroni akajikaza asicheke. Akatazama jengo la ghorofa tisa, madirisha yote yamefungwa kwa hofu ya nyuki. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Akaweka rungu chini.

"Basi nimtangaze mwenye nyumba, nifungue," akasema. "Nitasema nani?"

Nikamshusha mwanangu mgongoni. Tangu siku ile sikuwa nimemtajia mtu wa serikali jina lile.

"Narumei," nikasema.

"Marumei."

"Narumei. Taratibu, una mdomo mzito."

Akavua kofia. Akainama mpaka uso wake ukawa usawa na uso wa mtoto aliyekuwa anatazama kwingine kabisa, anahangaika na kifungo cha gauni langu.

"Narumei," akaita.

Mtoto akageuka.